Siku Tano Ng'ambo ya Lubiriha



Juma lililopita, kwenye mkutano wa chama, mama mmoja aliniuliza mbele ya watu wote: "Mwalimu, ni kweli ulichukua pesa ya likelemba, ukaenda kuikula Uganda?" Watu walicheka, na mimi nikacheka pamoja nao. Lakini usiku huo usingizi ulikawia kuja. Nikaona afadhali niandike, kila mmoja asome, kisha ahukumu mwenyewe.

Ndiyo, ni kweli. Zamu yangu ilipofika nilipokea dola 240. Sikununua mabati wala mbuzi. Wakati wa vakansi kubwa nilimchukua mama yangu mzazi na shangazi yangu, tukavuka mpaka, tukatembea siku tano. Hatukwenda kununua vitu. Hatukwenda hospitali. Hatukukimbia vita. Tulikwenda kutembea tu, kuona miji midogo, kukaa chini na kula.

Mama mwenyewe alikuwa wa kwanza kupinga. "Kutembea? Na mbuzi nani atachunga? Huko tunaenda kuuza nini?" Nilimjibu kwamba hatuendi kuuza kitu. Akanyamaza, akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto mwenye homa.

Lazima niwaeleze kidogo habari za mama. Kwa miaka 19 aliuza maharagi Mpondwe. Alipanda kamyo na magunia yake, akafika Kasindi, akavuka daraja, akauza siku ya soko, akarudi na sabuni, vitenge na mafuta ya kujipaka. Kwa pesa hiyo mimi nilimaliza sekondari, kisha miaka yangu ya ISP kule Butembo. Bei ya kila kitu Mpondwe aliijua kwa kichwa. Lakini siku moja nilipomuuliza, "Mama, Bwera kunafanana namna gani?" alijibu: "Mimi ninajua soko tu. Nilikuwa nakula mandazi nimesimama, mguu mmoja juu ya mzigo, wasiuchukue."

Neno lile lilinibakia moyoni. Miaka 19 ya kuvuka mpaka, na hakuna siku hata moja aliyokaa kwenye kiti akala sahani ya chakula. Ndiyo sababu ya safari yetu. Sasa mnaijua.

Kutoka nyumbani hadi darajani

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, tukashuka Beni kwa taksi, na kutoka pale tukachukua njia ya Kasindi. Barabara hii mnaijua. Kilometa 80 tu, lakini kila mtu aliye ndani ya gari anasali kwa namna yake. Magari yalingojana, yakaondoka kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma. Kazi ya kutengeneza barabara hii, pamoja na kilometa 54 za Beni hadi Butembo, ilizinduliwa mwezi wa Juni 2021 na marais wa nchi zote mbili. Tulipita magari makubwa ya kazi na vumbi lake. Ndani ya mbuga ya Virunga hakuna aliyesema neno. Tulipofika Kasindi, shangazi alitoa pumzi kama mtu aliyetua kuni kichwani.

Mpaka ni mto Lubiriha. Si mto mkubwa. Mtoto mwenye nguvu anaweza kutupa jiwe likafika ng'ambo. Hapo tulipiga mihuri yetu. Mtu mmoja alituomba pesa "ya maji", na mama, ambaye alipambana na watu wa namna hiyo miaka mingi, alimjibu kwa upole kwamba sisi pia tuna kiu. Tukapita.

Ukivuka daraja, mambo mawili yanageuka mara moja. Kwanza, saa: kwetu ikiwa saa nne, kwao ni saa tano. Pili, magari: sisi tunapita upande wa kuume, wao upande wa kushoto. Mama alijua yote mawili tangu zamani. Mimi mwalimu ndiye niliyetaka kugongwa na pikipiki. Wao huziita boda-boda, jina lililoanzia kule Busia, mpaka wa Uganda na Kenya, ambako vijana walibeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine.

Tulilala Bwera, kwa mwalimu mwenzangu, mama wa Kikonzo niliyefahamiana naye sokoni. Tulimpelekea maharagi na viazi vya kwetu. Tulipoingia, alisalimu kwa Lukonzo, na mama akaitikia bila kungoja. Wamama, mnajua hesabu hii, lakini si sawa na kuiona: Wakonzo na sisi Wanande ni watu wamoja. Waliochora mpaka hawakutuuliza. Maneno machache yanatofautiana, sauti inapanda pale ambapo yetu inashuka, lakini "wasingya" ni "wasingya". Na jioni ile alituletea obundu na esombe. Shangazi alifunua sahani, akacheka: "Nimelipa taksi hadi ng'ambo, kumbe kunaningojea sombe!"

Baada ya chakula, mwenzangu alituambia habari za shule ya Lhubiriha, hapo hapo Mpondwe. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wauaji wale wale wanaotumaliza sisi Beni waliiingia. Walikufa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, wengine wakiwa kwenye vitanda vyao vya bweni. Yeye anafundisha shule nyingine, lakini aliwajua baadhi ya wazazi. Tulikaa kimya, sisi wanawake wanne. Mimi nilifikiri juu ya darasa langu, viti vya mbele, majina yao. Mama akasema tu, "Kumbe na huku wanalia." Miaka yote aliona kwamba usalama unaanzia ng'ambo ya daraja. Tulilala chumba kimoja, mlango umefungwa kwa chuma.

Ninawaandikia hili ili msifikiri kwamba ninawauzia nchi ya asali. Huko pia kuna makaburi. Lakini asubuhi watu wanafungua maduka, na sisi tukaendelea.

Chumvi ya Katwe

Mwenzangu alikuwa na vakansi pia, akatusindikiza siku zote zilizobaki. Kutoka Bwera barabara inashuka kwenye uwanda mpana, wenye joto na majani makavu. Hii ni mbuga ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Yetu ya Virunga ni ya 1925. Mbuga hizi mbili zinashikana, na wanyama wanapita watakavyo. Karibu na Kikorongo tuliona ndovu watatu kando ya barabara. Mama aliuliza kama wao pia wanapiga muhuri.

Mbele kidogo ya Kikorongo, kwenye barabara ya kwenda Mbarara, kuna duara mbili za simenti, moja kila upande wa barabara. Ni alama ya ikweta. Mimi ninafundisha ikweta kila mwaka kwa kuchora mstari juu ya chungwa. Mstari huo huo unapita kwetu, kusini ya Butembo kwenye njia ya Lubero, na tunaukanyaga bila habari. Pale watu wanasimamisha magari kwa ajili yake, wanapiga foto, wananunua soda na vikapu. Wamama wenye vikundi vya kusuka, hebu fikirini hapo. Mama aliweka mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini, mikono kiunoni, na hiyo ndiyo foto yake ya kwanza anayocheka.

Kisha tukaingia Katwe. Ni mji mdogo, maduka machache, nyumba za zamani, ziwa Edward upande mmoja na ziwa la chumvi upande mwingine. Ziwa la chumvi limekaa ndani ya shimo la volkano. Maji yanaingia kutoka kwenye chemchemi zenye chumvi, lakini hayana njia ya kutoka. Jua linayanywa, chumvi inabaki. Kandokando ya ziwa watu wamegawanya maji kwa kuta ndogo za udongo na miti, mamia ya vyumba vidogo kama bustani za mboga. Kila chumba kina mwenyewe, na vingine vinarithiwa kutoka kwa wazazi. Wakati wa kiangazi, kama tulipofika sisi, chumvi inaganda na kukusanywa. Mvua ikinyesha sana, kazi inaharibika.

Wanaume wanaingia ndani zaidi, wanavunja mawe ya chumvi chini ya maji, wanayaleta ukingoni. Wanawake wengi wako kwenye vile vyumba, wanakwangua na kuosha, maji yakifika magotini. Maji yale yanakula ngozi. Mama mmoja alituonyesha miguu yake, nyufa kama udongo wa kiangazi. Alituambia kwamba wanawake wanaumia pia sehemu za siri, na kwamba wakati wa hedhi ni taabu mara mbili.

Bibi yangu alikuwa anasimulia kwamba wanaume wa zamani walitembea kwa miguu siku nyingi kutoka milimani kwetu kutafuta chumvi hii. Waliibeba ndani ya majani ya migomba, na ilibadilishwa kwa chakula. Ilikuwa mali kubwa hata Waingereza, walipofika mwaka 1891, walijenga ngome hapo kuilinda. Katika miaka ya 1970 serikali ilianza kujenga kiwanda kikubwa, lakini chumvi ilikula mabomba. Bado kimesimama na kutu zake. Ile kazi ambayo mashini zilishindwa, wanawake wanaifanya kwa mikono.

Mama hakuuliza habari za ngome. Aliuliza beseni ni bei gani, nani anapanga bei, na kama mnunuzi anapima mwenyewe. Waliongea yeye na yule mama wa Katwe nusu saa, Kinande upande huu, Lukonzo upande ule, juu ya wanunuzi wanaokandamiza gunia ili liingize zaidi. Walielewana kabisa. Tuliondoka na kilo mbili, na mama aliongeza bei kidogo juu ya ile aliyoombwa. Mimi sijawahi kuona jambo hilo maishani mwangu.

Kaa, mama

Kasese tulifika mchana. Ni mji wa joto, chini ya mlima. Reli ilifika hapo mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, kisha mgodi ulifungwa na treni haziji tena. Mto Nyamwamba unashuka kutoka mlimani, na mwaka 2013 na tena 2020 ulifurika ukabeba nyumba za watu. Leo ni mji wa biashara, wenye maduka mengi na vumbi kiasi.

Tulichagua mgahawa mdogo wenye meza nne na pazia mlangoni. Mama aliingia, akabaki amesimama. Nikamwambia, "Mama, kaa." Akakaa kwenye ncha ya kiti, kikapu juu ya magoti. Chakula kilipochelewa, aliinuka. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Niende jikoni niwasaidie. Wako wawili tu." Mwenye mgahawa, mwanamke wa umri wake, alimshika mabega akamrudisha. "Kaa, mama. Leo wewe ni mgeni."

Wakaleta tilapia mzima aliyekaangwa, ndizi za kuponda zilizopikwa kwa mvuke ndani ya majani, wanaita matoke, mchuzi wa karanga na mboga. Ndizi zile ni laini, hazifanani na zetu za kuchemsha. Mchuzi wa karanga ni mzito, una rangi kama ya waridi. Mama alikula polepole. Alimaliza samaki hadi kichwa, akanyonya mifupa, akafuta vidole kimoja kimoja. Kikapu alikuwa amekiweka chini bila kujua. Kisha akaegemea kiti.

Wamama, ni jambo dogo, najua. Mtu amekaa, amekula. Lakini nilitoka nje kidogo, nikajifanya ninatafuta mtandao kwenye simu.

Jioni mawingu yalifunguka na tukaona Ruwenzori. Kwetu, kutoka Mutwanga, tunauona kwa upande wa machweo. Kule tuliuona kwa upande wa macheo. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na theluji yake inapungua kila mwaka. Shangazi alishangaa kwamba mlima una mgongo na uso, na kila nchi inafikiri uso uko upande wake.

Jina jipya la mama

Siku ya tatu tulipanda basi dogo hadi Fort Portal. Njia inapita Hima, kwenye kiwanda cha ile simenti mnayoijua, kisha inapanda, hewa inapoa, na chai inaanza: mashamba ya kijani yaliyokatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule. Njiani kila gari likisimama, vijana wanakuja madirishani na ndizi za kuchoma, wanaziita gonja, na nyama kwenye vijiti. Tulionja pia "rolex", jina la saa ya matajiri, lakini hapa ni chapati iliyoviringishwa na mayai, nyanya na kabeji ndani. Kwa shilingi 2,000 tulishiba hadi jioni. Vijana wetu wa mandazi wangeweza kuijifunza kwa siku moja.

Fort Portal ni mji safi, wenye vilima na miti, na mto Mpanga unapita katikati. Ni makao ya ufalme wa Toro. Nyumba ya mfalme iko juu ya kilima, na mfalme wao, Oyo, alikalishwa kwenye kiti mwaka 1995 akiwa na miaka mitatu.

Mwenzangu alitupeleka kwa rafiki yake, mjane wa Kitooro, nje kidogo ya mji. Kabla ya kutukaribisha kuketi aliuliza kitu, na mwenzangu akatafsiri: "Anauliza empaako zenu." Hatukuwa nazo. Empaako ni jina la upendo na heshima ambalo Mtooro anapewa juu ya jina lake. Ni majina 12 tu, na mojawapo ni la mfalme peke yake. Mtu akikusalimu bila kutaja empaako yako, ni kama hakukusalimu. Mwaka 2013 UNESCO iliandika desturi hii kati ya mali za utamaduni zinazohitaji kulindwa haraka.

Yule mjane alisema hawezi kumsalimu mgeni asiye na empaako. Basi akatupa. Mimi nikawa Akiiki, shangazi akawa Adyeri, na mama akawa Abwooli.

Mnajua kwetu mwanamke anaitwaje. Ukiwa msichana, binti wa fulani. Ukiolewa, mke wa fulani. Ukizaa, mama wa fulani. Mimi mwenyewe tangu utoto sijasikia mtu akimwita mama yangu kwa jina ambalo ni lake tu. Siku mbili zile kila asubuhi yule mjane alipiga magoti kidogo, akauliza, "Abwooli?" na mama akaitikia, kwanza kwa haya, kisha kwa sauti kamili.

Alitupikia firinda, maharagi yaliyolowekwa na kumenywa ngozi moja moja, kisha kupondwa hadi yawe kama krimu, na samli juu yake. Tulikula na bugali wa ulezi. Mama, aliyebeba maharagi miaka 19, alisema hakujua kwamba haragi lina kitu laini namna ile ndani yake.

Siku ya nne tulikwenda kwenye mapango ya Amabere. Mawe yananing'inia kama matiti, yanadondosha maji meupe. Watooro wanasimulia kwamba mfalme Bukuku aliambiwa kuwa mjukuu wake atamwua, basi akamkata binti yake Nyinamwiru matiti ili asipate mwanaume. Lakini msichana alizaa, na mtoto, Ndahura, alikua akatimiza neno. Shangazi alikasirika kabisa, kama jambo la jana. "Na mama yake msichana alikuwa wapi?" Kiongozi wetu, kijana, hakuwa na jibu.

Mvinyo wa mjane

Jioni hiyo mjane alileta chupa na vikombe vinne. Kwao, kama kwetu, watu wanatengeneza pombe ya ndizi. Sisi tunasema kasikisi, wao tonto. Tonto inanywewa siku chache, kisha inageuka. Lakini yeye na wanawake wenzake wanatengeneza mvinyo wa matunda unaokaa mwaka na zaidi, na wanauuza kwa harusi. Ule wa marakuja ulikuwa wa rangi ya dhahabu, mkavu kidogo, wenye harufu ya tunda lenyewe. Shangazi, mke wa shemasi, alisema ataonja kwa ajili ya tumbo. Tumbo lake lilihitaji vikombe viwili.

Nilichukua kaye nikaandika, kwa sababu niliwafikiria nyinyi. Unachagua matunda yaliyoiva vizuri, yasiyooza. Unakamua, unaongeza maji yaliyochemshwa. Kwa lita tano za juisi, kilo moja ya sukari. Unachemsha kidogo, unaacha ipoe kabisa, kisha unatia chachu, ile levire ya mikate, kijiko kimoja cha chai. Unamimina ndani ya bidoni safi, usiijaze. Kwenye kifuniko unatoboa tundu, unaingiza mpira mwembamba, unaziba kandokando kwa nta au sabuni, na ncha ya mpira unaizamisha ndani ya chupa ya maji. Hewa inatoka kwa kububujika, lakini haiingii. Hiyo ndiyo siri yote: hewa ikiingia, unapata siki. Majuma mawili au matatu maji yakiacha kububujika, unahamishia bidoni nyingine bila kutikisa, uchafu unabaki chini. Unangoja tena. Baada ya miezi mitatu unatia kwenye chupa. Na alituonya: usiichemshe ili kukusanya mvuke, maana hiyo ni pombe kali, inaharibu macho na nyumba za watu.

Mama aliuliza chupa ni bei gani na kilo ya marakuja ni bei gani. Akahesabu kwa vidole chini ya meza. Nilimwona.

Hesabu

Siku ya tano tulirudi, na mpakani tukarudishiwa saa yetu moja. Njia ya Kasindi ilikuwa kimya, tukafika salama, jua likizama.

Hii ndiyo hesabu, kwa mama aliyeniuliza. Usafiri wa kwenda na kurudi, pamoja na mwenzetu, dola 110. Vyumba, usiku tatu, dola 48. Chakula, dola 45. Katwe na mapango, dola 20. Karatasi za mpaka, dola 10. Nilirudi na dola 7. Mabati yangu bado yanavuja upande wa jikoni, sikatai.

Siwaambii kila mtu afanye kama mimi. Kuna mwenye mtoto mgonjwa, kuna aliyekimbia shamba lake, na pesa yake ina kazi nyingine. Wala sisemi njia ni salama. Uliza habari za barabara kabla ya kuondoka, ondoka asubuhi, usitembee peke yako, na kama wanasema ngoja, ngoja. Ninasema tu kwamba wanawake wa hapa tunapanda gari kwa sababu tatu: biashara, ugonjwa, na kukimbia. Mimi nilitaka mama yangu aijue ya nne kabla magoti yake hayajakataa.

Bidoni yetu ya kwanza ya marakuja ilikuwa siki. Tuliziba vibaya. Tunaitia kwenye saladi na majirani wanapata. Ya pili imewekwa nyuma ya mlango, na inabubujika usiku kama mtoto anayeota. Ikifaulu, nitaileta chamani. Ikikataa, nitaleta siki.

Na juzi mama alinikuta ninasahihisha kazi za wanafunzi. Akavuta kiti, akakaa, akaegemea vizuri. Akaniuliza: "Mwalimu, ile likelemba, zamu yako inarudi lini?"

Nikamjibu, "Mwakani, Abwooli."